Teke la Ardis Fossum

Kabla watu wa Tolvik hawajamwona Ardis Fossum kwenye simu zao akilipiga teke boksi la mtu, walikuwa wamemwona kwa macho yao kila siku ya kazi, jua kwa theluji, tangu wengi wao wakibebwa mgongoni. Lile jengo la matofali karibu na reli liliandikwa posta, lakini huko mashambani, ambako jirani akipiga chafya jirani mwenzake hasikii, posta ilikuwa gari la Ardis likitimua changarawe na mkono wa Ardis ukitoka dirishani.

Aliianza kazi hiyo akiwa bado kijana, kwa gari lake mwenyewe, kama walivyofanya wapeleka-barua wote wa mashamba. Kwa kuwa masanduku ya barua yamesimama upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, alijifunza kukaa kiti cha abiria, mguu wa kushoto ukivuka kutafuta breki, mkono wa kushoto ukishika usukani, wa kulia ukigawa barua. Mumewe Gaylen, dereva wa malori ya viazisukari, alipanda naye mara moja tu akaapa hatarudia.

"Nilioa mke," alisema, "sikuoa sarakasi."

Siku hizo mzigo wake ulikuwa barua, bili, magazeti na vitabu vya mbegu. Theluji ikiyeyuka walikuja vifaranga, wamejaa kwenye maboksi yenye matundu, wakilia njia nzima mpaka Ardis akaanza kuwajibu. Alijua nani anangoja hundi ya mtoto aliye jeshini na nani anaiogopa bahasha ya hospitali. Bahasha ya namna hiyo hakuitia sandukuni. Aliingia nayo hadi mlangoni, akasimama kidogo pale, akazungumza habari za mvua, mpaka mtu apate nguvu ya kuichana. Ajuza mmoja wa upande wa mtoni, Bi Solveig, alimwekea lefse, chapati laini ya viazi, kwenye sanduku, imepakwa siagi na sukari, imefungwa kwa kitambaa. Ardis aliila akiendesha, makombo yakimwagikia barua za watu, na hakuna aliyelalamika.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa duka la Marlys. Marlys alikuwa dada yake Gaylen, kwa hiyo wifi yake Ardis, na walikuwa mawifi wa kutaniana kweli. Baba yake alimwachia duka la vifaa: misumari ya kupimwa kwa uzito, kamba, mabomba, koleo za theluji, glavu, na nyuma kabisa rafu ya buti za kazi, pamoja na kiti cha kukalia mtu anapojaribu. Birika la kahawa halikutoka motoni mchana kutwa.

"Umechelewa, wifi," Marlys angesema. "Hivi umeolewa na kaka yangu au na hilo gari?"

"Hilo gari asubuhi angalau linawaka."

Marlys alicheka kwa sauti ya kuku anayetaga, na waliokuwa dukani wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Hamu ya kahawa hiyo ndiyo iliyomfanya Ardis aimalize njia yake siku ambazo upepo wa kaskazini ulimtoa machozi yakaganda usoni.

Mambo hayakuharibika kwa kishindo. Lilikuja boksi moja la kahawia, likaja lingine. Watu waliagiza kwa simu, kwanza vile visivyopatikana Tolvik, na hilo halikuwa na ubaya, nani angewanyima? Kisha wakaagiza na vile vilivyopatikana, kwa kuwa kidole hakichoki na kiti cha sebuleni ni laini kuliko cha garini.

Siku moja Ardis alimkuta Marlys ameinamia kaunta, anafurahi.

"Leo nitauza buti, wifi. Dale Haugen kaja asubuhi, kajaribu zile za bei ya juu. Kavaa, katembea mpaka mlangoni akarudi, kaniuliza namba zake, akazipiga na picha. Nadhani alitaka kumwonyesha mkewe. Nimemwekea pembeni."

Ardis aliitua kahawa yake. Mwaka uliotangulia Haugen alijaribu buti pale pale dukani, kisha akaenda kuagiza jozi yake kwa simu. Ardis mwenyewe ndiye aliyempelekea. Alijua anachokisubiri Marlys hakitakuja. Akasema tu kuwa kahawa ya leo ni kali, akaaga.

Boksi la Haugen lilifika posta baada ya siku chache, na ubavuni limechapwa jina la buti zile zile. Ardis alilifikisha. Tolvik ni mji mdogo. Marlys alimwona Haugen kanisani amezivaa, na Jumatatu yake alimsubiri wifi yake amesimama.

"Wewe ndiye uliyempelekea?"

"Marlys..."

"Nakuuliza. Zilikaa kwenye gari lako?"

"Zilikaa. Lakini siwezi kutangaza mtu kaletewa nini, wifi. Ni sheria ya kazi."

"Sheria!" Marlys aliivuta ile jozi aliyokuwa ameiweka pembeni, akairudisha kwenye rafu kwa nguvu. "Nakunywesha kahawa, wewe unanichimbia kaburi, halafu unanitolea sheria."

"Ningefanyaje? Ningezitupa mtoni?"

"Sijui ungefanyaje. Najua ulikaa hapa kwenye kiti changu ukanyamaza."

Neno hilo lilimchoma Ardis muda mrefu.

Toka hapo mzigo ulifura kama unga uliotiwa hamira nyingi. Vikaja vyakula vya mbwa kwa magunia, matairi, makabati ya kuunga mwenyewe. Kikaja chombo cha kuchomea nyama kizito kama ndama. Yakaja hata maji ya chupa, katoni kwa katoni, kwenye nyumba zenye visima ambavyo babu zao walijivunia. Ardis alitoa fedha zake akanunua gari kubwa kuukuu lenye usukani wa kulia, na bado alilijaza mpaka kioo cha nyuma kikazibwa. Muda wa njia yake ulikadiriwa zamani, enzi za barua, na malipo yaliufuata ule ule. Saa alizoongeza zilikuwa sadaka.

Mkuu wa posta aliyeletwa kutoka mjini, Curtis Welk, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na simu yake ilimpigia kelele kutoka juu kama Ardis alivyopigiwa kelele na mashine ya kuskani mizigo kiunoni, iliyomhesabia kila boksi na kila dakika.

"Maboksi kwanza, Bi Ardis," alisema asubuhi moja, akisukuma pembeni trei za barua. "Barua zitangoja kesho."

"Umekosea, bwana. Barua ndizo hazingoji. Boksi linangoja. Hujawahi kuzika mtu aliyekufa kwa kukosa godoro la paka."

Curtis alicheka kidogo, akajifuta uso. "Nakuelewa. Lakini yanayohesabiwa ni maboksi."

Duka la Marlys lilifungwa majira ya kiangazi. Alibandika karatasi mlangoni, akatangaza kupunguza bei, na Tolvik nzima ikaja. Ardis hakuwahi kuliona duka lile limejaa hivyo. Walimkumbatia Marlys, wakalia, wakamwambia mji hautakuwa mji tena, kisha wakaondoka na nyundo na mikebe ya rangi kwa nusu bei. Dale Haugen alilia kupita wote. Walilia kama wafiwa, nao ndio walioua.

Ardis aliingia watu walipopungua. Birika lilikuwa linatoa mvuke.

"Kahawa imekwisha," alisema Marlys, akaendelea kufunga vitu.

Tangu hapo, Ardis alipotia barua kwenye sanduku la wifi yake, aliona pazia likitikisika na mlango usifunguke. Gaylen alijaribu kuwapatanisha kwa namna yake: alimwambia kila mmoja kwamba mwenzake ameomba radhi. Wakamgundua, wakamnunia wote wawili.

Bega la Ardis lilianza kwa kuuma usiku. Halafu likauma asubuhi. Daktari aliligeuza huku na huku, akasema nyama ya ndani imechanika, apumzike, asinyanyue kitu. Ardis alimwuliza nani atanyanyua. Vijana walioajiriwa kumsaidia walikaa wiki, mwezi, wakaenda zao. Mmoja aliliacha gari limejaa kando ya barabara akampigia mama yake aje kumchukua. Basi Ardis alimeza vidonge, akajifunga mkanda begani, akaingia Desemba.

Desemba ndiyo ilikuwa na mambo. Maboksi yalirundikwa posta hadi choo kikawa hakifikiki. Alitoka kabla ya jua na akarudi limeshazama, na Jumapili ilikuwa siku kama nyingine. Kwa Bi Solveig alipita mbio, akipungia mkono dirisha ambalo hakuwa na hakika kama kuna mtu nyuma yake.

Tanner Rudeen alikuwa mtoto wa njia hiyo. Alipozaliwa, kadi za pongezi zilijaa hadi sanduku la mama yake likakataa kufungika, na Ardis alizipeleka mkononi ili ambusu mtoto. Sasa Tanner alikuwa mtu mzima mwenye nyumba mpya mwisho wa njia ndefu ya kuingilia, akifanya kazi kwa kompyuta sebuleni, na mlangoni pake alifunga ile kengele yenye kamera na sauti. Njia ile alikuwa hajaisafisha theluji. Gari la Ardis likakwama nusu yake, na mzigo wa siku hiyo kwa Tanner ulikuwa vyuma vya kufanyia mazoezi ya mikono.

Ardis aliliteremsha boksi, likamponyoka, akalidaka bila kufikiri. Kitu kikakatika ndani ya bega lake, akaisikia sauti yake kama kijiti kikavu. Alilikokota kwa mkono mmoja ndani ya theluji, akisimama, akipumua, akikokota tena, mpaka mbele ya ngazi. Akabonyeza kengele.

"Hujambo, Bi Ardis!" sauti ya Tanner ilitoka ukutani. "Liache tu hapo, asante sana."

"Tanner, mwanangu, ni zito. Nimeumia. Hebu toka unisaidie."

"Aa, niko kwenye mkutano, siwezi kutoka sasa hivi. Lisukume tu chini ya paa, lisilowe."

"Nimekwambia nimeumia."

"Dakika moja tu, basi, nitakuja." Ukuta ukanyamaza.

Ardis alisubiri. Upepo ulimpiga. Kupitia dirishani aliona kichwa cha Tanner mbele ya mwanga wa kompyuta, kikiitikia, kikicheka. Mashine kiunoni ililia kwamba amesimama mno. Aliegemeza mguu kwenye boksi akalisukuma, halikwenda. Akalisukuma tena. Ndipo akalipiga teke, teke la kweli, la mtu mzima mwenye hasira, na boksi likapasuka pembeni, chuma kimoja kikabingirika kwenye theluji. Akakaa juu ya lililobaki, akafunika uso kwa mkono mmoja uliokuwa ukitii.

Usiku huo Tanner aliiweka ile video kwenye kundi la mtandaoni la Tolvik. Aliianzia pale mguu unapoinuka, akaandika juu yake: Krismasi inavyoletwa kwetu. Akaongeza vikatuni vya kucheka. Hakukusudia ubaya; alidhani watu watacheka, na kweli walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Mmoja akaandika kuwa sasa anajua kwa nini sahani zake zilifika zimevunjika. Mwingine akasema wazee wawe wanajua wakati wa kuondoka. Mama mmoja, ambaye Ardis aliwahi kumchimbua yeye na wanawe kutoka kwenye gari lililozikwa na dhoruba, aliandika neno moja: Aibu. Kufika asubuhi video ilishatoka Tolvik, na watu wasioujua hata upande ulipo mji huo walikuwa wakimwita majina.

Curtis Welk alimwita chumbani kwake. Aliiweka simu kifudifudi mezani kana kwamba inanuka.

"Wamenipigia kutoka juu. Inabidi niandike kitu, Bi Ardis. Hebu nieleze ilikuwaje."

"Nililipiga teke. Si limeonekana?"

"Lakini kulikuwa na nini kabla yake?"

"Kabla yake kulikuwa na miaka mingi," alisema Ardis. "Hiyo hakuiweka."

Aliziweka funguo za posta mezani. Curtis akamwambia asubiri, hajafukuzwa, ni kusimamishwa kwa muda tu, na huu ni msimu wa mzigo. Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe, akaona haya. Ardis alijaribu kuvaa koti, mkono ukakataa kupanda. Curtis alizunguka meza akamvalisha, kama mtu anavyomvalisha mama yake.

Tanner alikuja nyumbani kwa Ardis siku iliyofuata na bati la biskuti.

"Nimeifuta, Bi Ardis. Naapa nimeifuta."

"Umeifuta wapi?"

Tanner alimnyoshea lile bati. Walijua wote kwamba imeshanakiliwa kila mahali.

"Ulikuwa utani tu."

"Tanner, nilikuita mwanangu, nikakwambia nimeumia. Kamera yako ilisikia. Mbona hukuianzia hapo?"

Tanner alitazama buti zake. "Ingekuwa ndefu mno," alisema kwa sauti ndogo, na Ardis akaona kwamba hasemi uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake.

Alizipokea biskuti, kwa kuwa mgeni hafukuzwi na alichokileta. Gaylen alizila zote.

"Hizi hazina kosa," alisema alipoona anatazamwa.

Aliyefuata kuja alikuwa Marlys. Aliingia bila kubisha hodi, akakung'uta theluji, akakaa mbele ya wifi yake aliyekuwa amefungwa mkono kifuani. Gaylen aliwatazama, akakumbuka kwamba ana kazi gereji.

"Sasa umejua," alisema Marlys.

"Nimejua nini?"

"Kwamba hawana ubaya. Mtu mbaya ungejikinga naye. Hawa wanakukumbatia, wanakuuliza habari za watoto, halafu wanarudi nyumbani wanabonyeza. Mimi waliniua kwa kidole. Wewe wamekuua kwa kidole hicho hicho."

Ardis aliuegemeza vizuri mkono wake uliofungwa. Kisha akauliza lililokuwa likimkaa rohoni tangu video itoke.

"Ulicheka ulipoiona?"

Marlys alivuta pumzi. "Nilicheka. Nilisema, na aipate."

"Halafu?"

"Halafu nikaona umekaa juu ya boksi. Nikaizima."

"Asante kwa kusema kweli."

"Sikuja kuomba radhi, wifi."

"Wala mimi sikuiomba. Lakini zile buti, nilipaswa kukwambia. Si kwa kutangaza mzigo wa mtu. Ningekwambia tu usimwekee pembeni."

"Ungeniambia hivyo ningeelewa," alisema Marlys. "Ningelia, lakini ningeelewa."

Ardis aliinuka kuchemsha kahawa kwa mkono mmoja, na Marlys hakumsaidia, akamwacha ahangaike, kwa kuwa alijua asingependa kusaidiwa. Walikunywa. Hawakutaniana. Marlys alimweleza kwamba amepata kazi ng'ambo ya mto, mjini, kwenye ghala kubwa la kampuni ya kuuza vitu kwa mtandao. Anasimama zamu nzima akifunga maboksi. Alisema hivyo akiangalia dirishani.

"Yote uliyoyasambaza Tolvik msimu huu," alisema, "huenda na mimi nimeyafunga."

Ardis alipasuliwa bega Januari. Mkono ulirudi, lakini hauendi juu ya kidevu. Nywele zake anachanwa na Gaylen, ambaye anachana kama anasafisha lori. Posta ilitaka arudi, akaandika barua ya kustaafu. Walimfanyia keki kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walijaa, wakalia, wakamwambia mji hautakuwa mji tena. Dale Haugen alishika maikrofoni. Ardis aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, na alipofika garini alimwambia Gaylen aendeshe upesi kabla hajatapika.

Njia yake haijapata mtu wa kudumu. Curtis mwenyewe aliiendesha majuma kadhaa, akaangukia mtaroni mara mbili, akaomba uhamisho. Maboksi sasa huletwa na magari ya kila namna, madereva wasiojulikana majina. Barua huja siku zinapokuja. Bi Solveig alianguka jikoni kwake mwezi wa tatu, na barua zilijaa sandukuni siku kadhaa kabla ya yeyote kujiuliza kwa nini. Aliyemgundua ni mtu wa kusoma mita ya umeme. Hakufa, lakini amepelekwa nyumba ya wazee mjini na hamtambui mtu. Ardis alimtembelea mara moja. Aliporudi alikaa garini mbele ya nyumba mpaka Gaylen akatoka kumfuata.

Majira ya kuchipua bomba la jikoni lilianza kuvuja. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, na hakuna duka linalokiuza karibu tena. Gaylen hakumwambia mkewe. Aliagiza kwa simu. Ardis aliliona gari likiingia kwa kasi na msichana akishuka mbio, amevaa shati tu kwenye baridi, akitupa boksi kubwa lililobeba kitu kidogo, akilipiga picha. Alifungua mlango amwambie aingie ajipashe moto.

"Siwezi, mama!" msichana alipaza sauti, ameshageuka. "Wananihesabia dakika!"

Gari liliondoka huku mlango wake haujafungwa vizuri. Ardis alisimama kizingitini mpaka vumbi likatulia. Kisha akaliinamia boksi, na kwa ule mkono mzima akaliingiza ndani.